Mnaoanza kusoma viumbe wa majabalini, anzeni na saa ya maji

Kila mwaka wanakuja vijana wapya, wengine kutoka vyuo vya hapa hapa Unguja, wengine wamevuka kutoka bara, na karibu wote hufika pwani wakiwa na orodha kichwani. Konokono ana gamba. Kaa ana magando. Chaza hujifunga. Mwani una ute. Wameikariri kwa ajili ya mtihani na alama wamepata. Kisha wanasimama Kizimkazi au Mtende saa sita mchana, maji yamepwa, jua la kaskazi limewakaa utosini, mbele yao jabali jeusi lenye ncha kali, na wanachokiona ni jiwe tu. Haipiti nusu saa utamsikia mmoja: "Mbona hapa hamna kitu?"

Vitu vipo. Taabu ni kwamba picha waliyokuja nayo imetoka bahari nyingine. Masomo mengi ya viumbe wa majabalini yamejengwa juu ya kazi zilizofanywa Uingereza na pwani za Marekani, ambako mawe yamefunikwa mwani mrefu wa kahawia na kome waliobanana hata jiwe lenyewe halionekani. Huko kiumbe anapambana na baridi ya usiku na mawimbi ya dhoruba. Kwetu jambo la kwanza ni joto na ukavu. Wengi hapa hawajitandazi mchana wakakusubiri uwahesabu. Wamejibana kwenye nyufa, wako chini ya vivuli, au wamejifungia mpaka maji yarudi. Ukitafuta pwani ya Scotland pale Mtende utarudi na daftari jeupe.

Kwa hiyo ushauri wangu wa kwanza haumhusu mnyama yeyote. Jifunze maji.

Hapa maji hujaa mara mbili na kupwa mara mbili kwa siku. Siku za bamvua tofauti ya maji makubwa na maji madogo hufika karibu mita 4, na siku za maji mafu hupungua hata karibu mita 1. Wavuvi hawafungui jedwali kwa jambo hili. Wanahesabu mwezi: ukiandama, na ukifika kumi na nne au kumi na tano, bamvua, ukiwa nusu, maji mafu. Kalenda ya Hijria iliyotundikwa ukutani kwenye duka lolote mjini inatosha kukupangia safari za miezi mitatu ijayo, ila uongeze siku moja au mbili, kwa sababu bamvua lenyewe hasa huja nyuma kidogo ya mwezi mwandamo na mwezi mpevu. Ukitaka saa kamili na urefu wa maji, hapo ndipo utafute jedwali la bandari. Na ukiweza kuchagua, chagua bamvua za Machi na Aprili au Septemba na Oktoba, ndizo kubwa kuliko zote.

Wanafunzi wengi huishia hapo, wakadhani wameyajua maji. Lakini lipo jambo la pili, nami nalitilia mkazo kuliko yote nitakayoyasema leo: maji yanapwa saa ngapi? Kwetu, siku za bamvua, maji hupwa kabisa kiasi cha saa nne asubuhi, na tena saa nne usiku. Kesho yake huchelewa kama dakika 50, na keshokutwa vivyo hivyo. Maana yake siku zote za bamvua maji madogo yanaangukia kati ya saa nne na saa sita mchana. Wale viumbe wa chini kabisa, ambao hawatoki majini ila siku chache za mwezi, siku wanayotoka wanatokea kwenye jua kali. Sasa geuza upande wa pili. Siku za maji mafu maji yanajaa karibu na saa hizo hizo za nne, lakini hayapandi. Sehemu ya juu ya jabali inakaa siku kadhaa mfululizo haijaguswa na bahari, labda rasharasha ya wimbi tu. Bamvua humchoma wa chini, maji mafu humkausha wa juu. Mtu akiniuliza kwa nini mnyama fulani yuko hapa na hayuko nusu mita juu yake, naanza na swali hilo: hapa alipo anakaa nje ya maji muda gani, na saa za namna gani?

Usichukulie kuwa ni hivyo kila mahali duniani. Zipo pwani ambazo maji ya bamvua hupwa alfajiri na magharibi, na viumbe wa chini huko wanatoka majini kwenye ubaridi. Ndiyo maana matokeo ya watu wengine usiyahamishe mazima mazima.

Halafu lijue jiwe. Majabali yetu mengi ni matumbawe ya kale, yaliyojengwa zaidi ya miaka laki moja iliyopita wakati bahari ilikuwa juu kuliko leo. Ni chokaa. Linaliwa na maji, linatobolewa na viumbe, limejaa matundu, vikombe na nyufa, na kila tundu ni kivuli. Katika jabali la namna hii, sentimita kumi za kuingia ndani zinaweza kuwa na maana kubwa kuliko mita nzima ya kupanda au kushuka. Ukienda Chumbe, au Misali upande wa Pemba, au kwenye vijisiwa vya ghuba ya Menai, utaona majabali yameliwa kwa chini mpaka yamebaki na uvungu mrefu ukiufuata mstari wa maji. Wageni hupiga picha kutoka mbali wakaondoka. Wewe ingia. Ile methali ya mtaka cha mvunguni kuwa sharti ainame, hapa ni maelekezo ya kazi: chukua tochi hata mchana, piga magoti, tazama dari la uvungu. Wengi uliokuwa ukiwatafuta juu wako pale.

Tuanze juu kabisa tushuke. Ule ukanda mweusi unaouona juu ya mstari wa maji si uchafu wala mafuta ya meli. Ni sianobakteria, viumbe wadogo mno wanaojitengenezea chakula kwa jua kama mimea, na baadhi yao hujichimbia ndani ya chokaa kidogo ili jiwe lenyewe liwatilie kivuli. Jiwe linaloonekana kavu na tupu kumbe ni malisho. Wanaolamba malisho hayo ni konokono, na wa juu kuliko wote ni wadogo wa jenasi Littoraria. Mtazame mmoja kwa makini wakati wa jua. Ameingia ndani, amefunga kifuniko, na unyayo wake haugusi jiwe tena. Kinachomshikilia ni ute uliokauka kwenye ukingo wa gamba, uzi mwembamba tu. Kwa nini? Kwa sababu jiwe jeusi mchana wa jua, katika nchi za joto, huweza kupita nyuzi 50 za sentigredi, na unyayo ulioshika jiwe ni njia ya joto kuingia mwilini. Mnyama huyu ameacha kushika, ameacha kula, ameacha karibu kila kitu, anasubiri. Anaweza kusubiri siku nyingi. Usimbandue ili kuona kama yu hai. Ukimbandua umemvunjia kazi yake yote, na hawezi kuusuka uzi ule upya kwenye jua.

Chini yake kidogo wapo konokono wa jenasi Nerita, na hawa ndio nawapendekeza kwa kila anayeanza, maana ni wengi, wanaonekana, na wako wa aina mbalimbali mahali pamoja. Nerita plicata ana gamba jeupe-jeupe lenye matuta, naye hukaa juu kuliko wenzake wengi. Nerita textilis na Nerita undata wana weusi zaidi. Rangi nyeupe hurudisha jua, hilo utaliona mwenyewe ukiwa na kipimajoto. Lakini usikimbilie kuandika kuwa rangi ndiyo sababu. Tazama pia matuta, unene, na maji anayoyahifadhi ndani ya gamba nyuma ya kifuniko. Maji hayo yana kazi mbili zinazovutana: akiyaacha yatoke kama mvuke anapoa, akiyabana hakauki. Kila mmoja anapima vyake, na aliye juu ana sababu kubwa zaidi ya kubana.

Na hawakai pamoja. Watafiti Ruwa na Jaccarini walichapisha mwaka 1986 kazi kuhusu konokono hao watatu kwenye jabali la Mombasa, wakaonyesha kuwa mikanda yao si mistari iliyochorwa ikabaki. Inahama kwa kufuata maji. Kwa mwanafunzi hili lina matokeo ya moja kwa moja. Ukihesabu Nerita siku ya bamvua na mwenzako akahesabu siku ya maji mafu, kisha mkalinganisha "eneo lako na lake", mtakuwa mmelinganisha mwezi.

Tukiwa bado kwenye magamba, yashike. Geerat Vermeij, mtaalamu mkubwa wa magamba aliyezaliwa Uholanzi, ni kipofu tangu utotoni, na kazi yake ameifanya kwa vidole. Moja ya mambo aliyoyafuatilia ni kuwa magamba ya konokono wa bahari za joto mara nyingi ni mazito, mdomo wake ni mwembamba, na ukingo wa mdomo una meno. Hilo si kwa ajili ya jua. Ni kwa ajili ya kaa na samaki wenye nguvu ya kuvunja. Chukua gamba tupu la Nerita, pitisha kidole mdomoni mwake, utayahisi meno, na utahisi jinsi kucha isivyopata pa kuingilia. Jambo hili linasahauliwa sana na wanaoanza: wanadhani kila umbo ni jibu la joto au mawimbi. Majirani nao ni mazingira.

Chaza na banakeli ni habari nyingine kabisa, kwa sababu hawatembei. Banakeli ni wale weupe wagumu waliochongoka wenye tundu juu, wanaokukwaruza goti kwenye jabali na kuganda kwenye mashua. Watu wengi huwaita chaza tu, lakini ni jamaa wa kaa na kamba. Mtoto wa chaza au wa banakeli huelea baharini, kisha huchagua jiwe mara moja katika maisha yake, na mara nyingi huchagua penye harufu ya wakubwa wa aina yake. Akishaganda, amekwisha. Hana pa kukimbilia kivuli. Kwa hiyo jibu lake lote ni kufunga. Chaza wa majabalini, Saccostrea cucullata, anabana magamba yake mawili na maji kidogo ndani, anapunguza matumizi ya mwili, na oksijeni ikipungua anaendelea kujipatia nguvu bila hiyo. Njia hiyo huacha asidi mwilini, naye huipunguza makali kwa kuyeyusha kidogo chokaa ya gamba lake mwenyewe. Anajila ili asife, kisha maji yakijaa analijenga upya. Banakeli naye, kwa kuwa hawezi kumwendea mwenzake, ana kiungo cha uzazi kirefu kuliko mwili wake, kinachofika kwa jirani. Darasani huwa wanacheka; wacheke, lakini wajiulize kwa nini banakeli aliye peke yake ni mwenye hasara.

Hapa ndipo mahali pa kuleta jina la Connell. Mwaka 1961 Joseph Connell alichapisha majaribio yake ya banakeli wa kisiwa cha Cumbrae, Scotland. Aina moja ilikaa juu, nyingine chini. Alipowaondoa wa chini, wa juu waliweza kuishi chini vizuri tu. Kumbe walikuwa wakisukumwa na kufunikwa. Lakini wa chini hawakuweza kupanda, waliuawa na ukavu. Kutokana na kazi hiyo na nyingine, watu wakapata kanuni: mpaka wa juu wa kiumbe huwekwa na ukavu na joto, mpaka wa chini huwekwa na washindani na walaji. Ni kanuni nzuri, anza nayo. Ila Scotland haina jua letu la saa sita siku ya bamvua, na mimi naona hapa kwetu wa chini nao wanachomwa zaidi ya kanuni inavyoelekea kusema. Ipime kila unapoitumia. Robert Paine naye, aliyewaondoa viti vya pweza (wale wanyama wenye umbo la nyota) kwenye mawe ya jimbo la Washington kuanzia 1963 na kuona kome wakitwaa nafasi yote, alipata alichokipata kwa sababu kome pale ni wababe wa nafasi. Kwetu usitarajie mbabe mmoja. Walaji ni wengi: konokono wanaotoboa chaza, kaa, samaki wanaoingia na maji kujaa, pweza, na mwanadamu.

Kitoni nampenda kuliko wote, nikiri upendeleo wangu. Ni mnyama bapa, mviringo mrefu, ana mabamba manane mgongoni na ukingo wa nyama wenye miiba mifupi au magamba. Amebana jiwe hata usimng'oe kwa mkono. Mwili wa mabamba unamwezesha kujikunja kufuata kila shimo la jiwe hili lisilo na usawa, jambo ambalo gamba la kipande kimoja haliwezi. Mdomoni ana ulimi wenye safu za meno, na meno hayo yamefunikwa na magnetaiti, madini ya chuma yanayovutwa na sumaku. Heinz Lowenstam ndiye aliyelionyesha hilo mwaka 1962. Kwa meno ya chuma anakwangua mwani na jiwe pamoja. Kitoni wa jenasi Acanthopleura hutoka kula na baadhi yao hurudi kwenye kikao kile kile, na ukipata kikao chenye mwenyewe utaona jiwe limechimbika kwa umbo lake. Zidisha kwa kitoni wote wa pwani, uongeze wale wanyama wa duara wenye miiba (sea urchin) wanaojichimbia mashimo kule chini, na bakteria wanaotoboa, utaona kuwa ule uvungu wa jabali haukuchimbwa na wimbi peke yake. Matumbawe yalikijenga kisiwa, na hawa wanakila taratibu.

Kaa wa mawe sitakaa naye sana, maana yeye utamwona bila ushauri: bapa, mwepesi, miguu yenye ncha, anakimbia ubavu-ubavu hata juu ya jabali lililosimama wima. Ncha za magando yake ni kama vijiko, za kukwangulia mwani. Kumbuka tu kwamba hubeba maji kwenye matamvua yake, kwa hiyo muda wake wa nje una kikomo. Ukimfukuza ovyo unautumia muda huo.

Vidimbwi vinadanganya. Mgeni huona kidimbwi kimejaa maji safi akadhani wanyama wake wamepona. Fikiri: kidimbwi kidogo cha juu kikiachwa na bahari saa moja asubuhi, saa saba mchana maji yake yamepata joto, yamepungua kwa mvuke na chumvi imezidi. Ikinyesha mvua ya masika maji yakiwa yamepwa, chumvi inashuka kwa dakika chache. Mchana mwani uliomo unatoa oksijeni nyingi, usiku kila kitu kinaivuta na hakuna kinachoirudisha. Halafu bahari inaingia, yote yanabadilika kwa wimbi moja. Wanaoishi humo si wanyama wa raha, ni wavumilivu wa mabadiliko. Visamaki vya vidimbwini ukivikaribia vinaruka juu ya jiwe kwenda kidimbwi kingine. Kabla hujaandika neno lolote kuhusu kidimbwi, andika urefu wake kutoka maji madogo, kina chake, na saa.

Kama unataka kujua kuvumilia joto kuna mwisho wapi, waulize wakulima wa mwani wa Paje na Jambiani. Tangu kilimo kianze huko mwaka 1989 wamekuza aina mbili za mwani, spinosum na cottonii, na wanajua kwa macho yao kuwa cottonii haistahimili maji ya kina kifupi yanayopata moto. Inageuka nyeupe, inakatika. Wengine wamelazimika kuisogeza kwenye kina kirefu. Maelezo ya seli na protini za kukinga joto utayapata chuoni, ila tofauti ya mimea miwili katika shamba moja wataieleza wao vizuri zaidi.

Nenda usiku pia. Nasema kwa msisitizo, maana ratiba za vyuo zote ni za mchana. Bamvua lina maji madogo ya saa nne usiku kama lilivyo na ya saa nne asubuhi, na jabali lile lile linakuwa mahali pengine. Konokono wameshuka au wamepanda kula, kitoni wametoka vikaoni, kaa wamejaa. Ukitaka kuelewa kwa nini mchana wamejifungia, lazima uone wanachokifanya wakifunguka. Usiende peke yako, mwambie mtu wa kijijini umekwenda upande upi, chukua tochi mbili, na njia ya kutokea uikague mchana.

Vifaa havihitaji fedha nyingi. Viatu vya raba vyenye soli nene. Makubazi yaache nyumbani, jiwe hili linakata. Kamba iliyopimwa, fremu ya mraba ya nusu mita, penseli na kipande cha plastiki kilichokwaruzwa ili kiandikike, maana kalamu ya wino hailali kwenye maji. Kipimajoto cha miale nunua kile cha mafundi, siyo cha hospitali. Cha hospitali kimewekwa kwa joto la mwili na hakitakusomea jiwe la mchana. Pima jiwe, pima gamba, pima kivulini, na uandike kama palikuwa pabichi au pakavu. Ukigeuza jiwe, lirudishe lilivyokuwa, upande ule ule juu. Wanaoishi chini ya jiwe hawana kinga yoyote ya jua, na jiwe moja lililoachwa tumbo juu ni wanyama wengi wamekufa kwa ajili ya ukurasa mmoja wa daftari.

Kabla ya yote, piga hodi. Nenda kwa sheha, yaani kiongozi wa eneo, na kwa kamati ya uvuvi ya shehia yake. Maeneo ya hifadhi kama Chumbe, Misali na Menai yana taratibu zake za ruhusa. Vijiji vingine hufunga mwamba kwa miezi ili pweza wakue, kama ilivyofanyika Kisiwa Panza na Kizimkazi, na mgeni akionekana amesimama na ndoo mahali palipofungwa, maelezo ya utafiti hayatamsaidia. Wanawake wanaochokoa chaza ndio walimu wako. Waamkie, "Shikamoo bi mkubwa", usaidie kubeba kikapu kama njia ni moja, na usiwaulize maswali ya kitabuni. Waulize: zamani chaza hawa walikuwa wanafika mpaka wapi? Siku zipi hawapatikani? Wadogo wanaonekana mwezi gani? Majibu yatakuwa na majina ya mawe na miezi, yaandike kama yalivyo.

Vya kuogopa ni vichache lakini viogope kweli. Konokono wa jenasi Conus, wale wenye umbo la koni na marembo mazuri, usiwashike kabisa hata kwa upande wa nyuma. Wanachoma kwa mshale wenye sumu, na dawa ya kuiondoa sumu hiyo haipo. Samaki-jiwe hulala kama jiwe, ndiyo sababu nyingine ya raba nene. Akikuchoma, tumbukiza mguu kwenye maji ya moto unayoweza kuyastahimili na ukimbizwe hospitali. Na maji yenyewe: katika mita 4 za bamvua, saa ya tatu na ya nne baada ya maji madogo ndizo yanapopanda mbio, nayo huanza kujaza mifereji iliyo nyuma yako kabla hujaona chochote mbele. Weka alamu ya simu kwa saa ya maji madogo, siyo ya kumaliza kazi. Ikilia, anza kurudi ukifanya kazi ukielekea nchi kavu.

Ukitaka swali la kuanzia, chagua dogo. Usiniandikie "namna viumbe wa Zanzibar wanavyokabiliana na mazingira". Chukua jabali moja, tundu ishirini zilizo kwenye kimo kimoja, nusu zinatazama mashariki na nusu magharibi. Hesabu Nerita waliomo saa tatu asubuhi, saa sita, na saa tisa, siku ya bamvua na siku ya maji mafu, na joto la jiwe kila mara. Kazi hiyo inafanyika na watu wawili kwa raba na penseli. Ukimaliza kuchora grafu njoo tuzungumze kwa nini tundu za magharibi hazikufanya ulivyotarajia.